Nyumba ni mpya kabisa. Kuna haja ya kuikagua?

Swali: "Shikamoo mhandisi. Mimi na mume wangu tunanunua nyumba mpya, haijawahi kukaliwa na mtu. Zimebaki siku 9 tusaini na kumalizia malipo. Muuzaji anasema mamlaka ya ujenzi imeshaipitisha, na kwamba atatutembeza nusu saa siku ya kukabidhiwa funguo. Shemeji yangu anasema kukagua nyumba mpya ni kutupa hela, sawa na kupeleka gari jipya gereji kabla hujaliendesha. Mimi moyo unasita. Kuna haja? Na kama ipo, tuangalie nini hasa?"

Marahaba, mwanangu. Huo moyo unaosita usiunyamazishe. Haja ipo, tena kwa nyumba mpya ni kubwa kuliko kwa nyumba iliyokwisha kukaliwa. Wahenga walishasema kipya kinyemi ingawa kidonda, nami kidonda cha nyumba mpya nimekikuta mara nyingi kikiwa kimepakwa rangi nzuri.

Nyumba ya zamani hujisema yenyewe. Paa likivuja, dari ina doa. Msingi ukititia, ukuta una ufa na mlango unakwama. Nyumba mpya iko kimya kwa sababu hakuna aliyeiuliza kitu: haijapigwa na mvua ya msimu mzima, hajaoga mtu ndani yake, pasi na jiko na hita havijawahi kuwaka kwa pamoja. Kwa hiyo kupita vyumbani mkitazama hakutawafikisha mbali. Inabidi muitumie kwa nguvu kwa saa kadhaa, kana kwamba familia imeshahamia na wageni wamefika.

Mfano wa shemeji yako una dosari moja. Gari hutoka kiwandani, mashine ileile ikikaza skrubu ileile mara elfu. Nyumba hujengwa juani na mvuani, na makundi ya mafundi ambao mara nyingi hata hawaonani: fundi bomba anatoboa leo, fundi umeme anapita kesho, fundi plasta anafunika vyote keshokutwa. Kasoro nyingi ninazozikuta hazikuletwa na fundi asiyejua kazi. Zimezaliwa pale kazi ya mmoja inapoishia na ya mwenzake inapoanza, kila mmoja akidhani mwingine ndiye atakayeziba.

Na ile ruhusa ya mamlaka? Msinunue nyumba isiyo nayo, ila mjue inasema nini. Mkaguzi wa mamlaka huangalia kama jengo limefikia kiwango cha chini cha sheria, ili lisiwaangukie watu, lisiwaunguze, lisiwadhuru. Huja katika hatua chache za ujenzi, na ana majengo mengine ya kuwahi siku hiyohiyo. Hafungui kila koki, wala hasubiri saa nzima aone kama maji yatatokeza upande wa pili wa ukuta. Hakutumwa hayo. Kazi hiyo haina mwenyewe mpaka mnunuzi amlipe mtu aifanye.

Mtu huyo mtafuteni wenyewe, asiwe yule anayependekezwa na muuzaji, hata kama anasifiwa vipi. Kabla ya bei, muulizeni kama anapanda juu ya paa na kuingia juu ya dari, au anatazama kutoka chini. Aonyeshe ripoti ya nyumba nyingine aliyowahi kukagua, majina yakiwa yamefutwa. Kisha muulizeni kama mtafuatana naye. Akisita hapo, tafuteni mwingine. Saa tatu au nne za kutembea nyuma yake zitawafundisha nyumba yenu kuliko ripoti nene mtakayoisoma usiku mmeshachoka.

Maji na umeme viwe vimeunganishwa siku hiyo. Nyumba isiyo na maji wala umeme haikaguliki, inatazamwa tu. Muuzaji akisema vitaunganishwa baada ya kusaini, anawaomba mnunue mabomba na nyaya kwa imani.

Kuhusu ile nusu saa yake, hayo ni matembezi, tena ya siku ambayo pesa iko njiani na mizigo imeshafungwa. Wapo wauzaji wanaowapa wanunuzi vibandiko vya rangi wabandike kila wanapoona mkwaruzo. Watu hufurahi, hubandika kuta mbili tatu zikajaa, hutoka wameridhika, na hakuna aliyefunua hata chemba moja ya maji machafu. Mkwaruzo wa rangi hutengenezwa kwa brashi mchana mmoja. Mimi rangi huitazama mwisho, nikiwa nimechoka.

Anzeni na maji. Hakuna kinachoharibu nyumba kama maji, na hakuna kilicho rahisi kukijaribu.

Mkifika tu, fungeni koki zote, msitumie choo, kisha mpige picha mita ya maji. Nendeni mkaangalie mambo mengine kwa saa nzima, halafu mrudi. Namba zikiwa zimesogea, kuna bomba linalovuja mahali msipopaona, ndani ya ukuta au chini ya sakafu. Kipimo hiki hakigharimu hata senti, na bado ni wachache mno wanaokifanya.

Bafuni, mkishamweleza muuzaji, zibeni tundu la kutolea maji kwa kitambaa kilichofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Jazeni sehemu ya kuogea maji ya kina cha sentimita 2 au 3, yasivuke kizingiti, na mweke alama ya penseli kwenye kigae usawa wa maji. Kipimo kamili cha kuzuia maji hulazwa saa 24, lakini hata saa 2 au 3 hufichua uzembe mkubwa.

Kuna nyumba moja ya ghorofa niliyoikagua, bafu la juu linang'aa kama la hotelini. Tulijaza maji, tukashuka jikoni. Nikiwa nimeinama chini ya sinki na tochi, mama aliyekuwa ananunua akaniuliza, "Hii dari ilikuwa na doa?" Haikuwa nalo. Lilikuwa dogo kama sarafu, likawa linapanuka tukilitazama, likafika upana wa sahani, na tone la kwanza likaanguka juu ya kabati jipya. Vigae vilipofumuliwa, utando wa kuzuia maji ulionekana umeishia sentimita chache kabla ya kufika kwenye bomba. Aliyeulaza aliacha nafasi akimsubiri fundi bomba. Fundi bomba akaja, akafunga kifuniko chake juu ya zege tupu. Muuzaji alikuwa mwungwana, akalivunja bafu zima na kulijenga upya kwa gharama yake. Mama yule alikuwa hajasaini bado, na nadhani hilo liliusaidia sana ule uungwana.

Mkimaliza, yaacheni maji yaondoke na muyatazame yanavyokwenda. Sakafu ya bafu inatakiwa kuinama kuelekea tunduni kama sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Dimbwi likibaki kwenye kona, kona hiyo itakuwa nyeusi kwa ukungu kabla ya mwaka kuisha.

Kisha jazeni masinki yote, myaachie kwa mara moja huku mtu mwingine akivuta choo. Sikilizeni. Sinki likigugumia wakati choo cha pembeni kinavutwa, bomba la kupumulia limeziba au halipo. Nimewahi kukuta vifuniko vilivyoziba bomba hilo siku ya kupima mabomba vikiwa bado mahali pake. Aliyeviweka alisahau kurudi. Tokeni nje mfunue chemba zote, mmoja wenu amwage ndoo ndani ya nyumba. Maji yafike yakikimbia, yasituame njiani. Mtazame na kuta za chemba, maana baadhi ya mafundi huoshea humo ndoo za saruji na grauti, ile ya kujazia kati ya vigae. Saruji ikiganda ndani ya bomba, choo hufanya kazi vizuri wiki za mwanzo, halafu karatasi huanza kunasa kwenye magamba yake.

Nje, ardhi iiname kuikimbia nyumba. Kanuni ya kufaa ni mshuko wa sentimita 15 katika mita 3 za kwanza kutoka ukutani. Udongo au vitofali vya uani visipande kufikia lile tabaka la kuzuia unyevu lililolazwa juu ya msingi; vibaki kama sentimita 15 chini yake. Mafundi wa kupamba uwanja hulipuuza sana hili: wanaleta udongo mzuri, wanapanda maua, na unyevu unapata daraja la kupandia ukutani. Kama sehemu ya paa ni bapa, maji ya mvua yasikae juu yake zaidi ya saa 48. Kama mvua hainyeshi, pigeni madirisha kwa mpira wa maji, mkianzia chini na kupanda taratibu, dakika kadhaa kila mahali. Ukianzia juu, maji yanateremka kila upande na hutajua yameingilia wapi.

Sasa pandeni juu ya dari, au mkaguzi apande mbele yenu na simu inayorekodi. Akifika azime tochi na atulie kidogo. Kila kitobo cha paa kitaonekana kama nyota. Akiwasha tena, aangalie feni za bafuni zinatolea wapi hewa. Mara nyingi bomba la feni huishia humohumo ndani ya paa, na mvuke wote wa kuoga unakwenda kulowesha mbao. Aangalie pia kenchi, zile mbao zilizoungwa pamoja kubeba paa. Ikipatikana kenchi iliyokatwa ili bomba au waya upite, hilo si la kuongezewa kipande cha ubao na misumari mitano. Kila mti kwenye kenchi umepigiwa hesabu ya mzigo wake; marekebisho yatoke kwa mhandisi kwa maandishi, na msisaini kabla hayajafanyika.

Umeme nitaupitia haraka, kwa sababu sehemu kubwa yake ni ya mtaalamu. Msifungue boksi la breka wenyewe. Mnachoweza kufanya ni kubonyeza kitufe cha majaribio cha breka inayokata umeme unapovuja; ikatike papo hapo. Breka hiyo, ambayo mafundi huiita RCD, kwa matumizi ya nyumbani huwa ya miliampia 30, na ndiyo inayomwokoa mtoto aliyeingiza msumari kwenye soketi. Isipokatika, hilo ni la kurekebishwa leo, lisisubiri kesho. Kila soketi ijaribiwe kwa kipima soketi, maana soketi inaweza kuwasha taa huku waya wake wa ardhi haujafungwa popote. Halafu washeni vitu vizito vyote kwa pamoja kwa saa moja, mpitishe mkono karibu na vifuniko vya soketi na swichi. Joto au harufu ya plastiki inayoungua ni waya uliokazwa vibaya.

Nyufa ndizo huwatia watu hofu kuliko kitu kingine, na nyingi hazistahili hofu hiyo. Zege hufikia sehemu kubwa ya nguvu yake kwa siku 28, lakini huendelea kukauka na kusinyaa kwa miezi mingi, na plasta nayo hukauka. Ufa mwembamba kama unywele, unaotambaa huku na huku kwenye plasta, utazibwa wakati wa kupaka rangi upya. Ninaosimama kuutazama ni ule wenye mwelekeo: unaotoka kwenye kona ya dirisha au mlango na kupanda kimshazari, unaofuata matofali kama ngazi, unaoonekana mahali palepale ndani na nje. Upana nao una maneno yake. Chini ya milimita 1 kwa kawaida ni urembo ulioharibika. Ukizidi milimita 5, muiteni mhandisi wa miundo. Katikati ya hapo, chora mstari wa penseli kwenye ncha za ufa, uandike tarehe, upige picha ukiwa umeweka sarafu pembeni. Ukiona ukuta mmoja umepakwa rangi mpya kuliko wenzake, uliza kwa nini.

Na milango: ifungue kila mmoja nusu, uuache. Ukijifunga au kujifungua wenyewe, fremu haiko kwenye timazi, yaani haijasimama wima, au sakafu imeinama. Mmoja unaweza kuwa uzembe wa seremala. Milango mitatu ya upande uleule wa nyumba ni habari nyingine.

Kama kuna ngazi, chukueni futi mpime kimo cha kila kidato. Mguu wa binadamu hukariri vidato viwili vya kwanza na kudhani vilivyobaki ni vilevile, kwa hiyo kimoja kikizidi wenzake kwa sentimita moja, watu watajikwaa hapohapo kila siku. Kasoro hii hujificha zaidi kwenye kidato cha kwanza na cha mwisho, kwa sababu vigae vya sakafu huongezwa baada ya ngazi kumwagwa. Nafasi kati ya nondo za kizuizi cha ngazi au baraza isizidi sentimita 10, mtoto asipenye.

Vigae vya sakafu vigongeni kwa mpini wa bisibisi mkitembea. Sauti ya utupu ina maana gundi haikufika chini yote, na kigae hicho kitapasuka siku kitu kizito kikiangukia hapo. Kimoja kimoja hapa na pale, andikeni tu. Safu nzima, ifumuliwe.

Yako mambo ambayo siku hiyo hamtayaona hata mkija na wakaguzi kumi: nondo ndani ya nguzo, kina cha msingi, viungo vya mabomba ndani ya ukuta. Kwa hayo ombeni karatasi na picha. Mjenzi makini huwa amepiga picha kabla ya kufunika, ana majibu ya vipimo vya zege, cheti cha kupima nyaya, na michoro inayoonyesha mabomba yalivyopita kwa kweli, ambayo mara nyingi si kama yalivyochorwa mwanzo. Michoro hiyo itawafaa hata siku ya kutoboa ukuta mtundike kabati. Laiti mngeniandikia nyumba ikiwa bado matofali, ningewaambia mkaguzi aje kabla ya plasta.

Sasa orodha. Kila kasoro ipewe namba, chumba, picha, na maneno ya wazi. "Bafu halifai" halimbani mtu. "Bafu la juu, maji yanatuama kona ya kushoto, kina milimita 8 baada ya saa 2" haliwezi kubishiwa. Zigaweni mafungu mawili. La kwanza ni yale ambayo hamsaini mpaka yatengenezwe: maji yanayoingia, umeme wa hatari, muundo wa jengo, choo kisichopitisha. La pili ni yale yanayoweza kutengenezwa mkiwa ndani, kwa tarehe iliyoandikwa, na kwa sehemu ya malipo iliyozuiwa mpaka kazi iishe. Mwanasheria wenu ndiye atakayewaambia mkataba unaruhusu kuzuia kiasi gani na pesa hiyo ikae kwa nani. Mpelekeeni mkataba sasa, msingoje ripoti. Pande zote mbili zitie saini kwenye orodha. Ahadi ya mdomo, hata ya mtu mkweli, inasahaulika akishahamia eneo jingine la ujenzi.

Akisema ametengeneza, rudini mrudie kipimo kilekile. Silikoni na rangi vinaweza kuficha uvujaji kwa wiki mbili, lakini havishindi sentimita 3 za maji zilizolala saa 3.

Atawaambia pia kwamba kuna dhamana, hivyo mnahangaika bure. Isomeni inafunika nini na kwa muda gani, kwa maana sehemu za nyumba hazidhaminiwi sawa. Ufaransa, kwa mfano, sheria imeweka mwaka 1 kwa kasoro zote zilizoandikwa siku ya makabidhiano au zilizojitokeza ndani ya mwaka huo, miaka 2 kwa vifaa vinavyoweza kutenganishwa na jengo, na miaka 10 kwa yanayohatarisha uimara wake. Kwenu huenda mgawanyo ni tofauti. Vyovyote ulivyo, ule mwaka wa kwanza ndio mpana zaidi, na unapita upesi. Weka alama kwenye kalenda mwezi wa 11, mkaguzi arudi nyumba ikiwa imeshaonja majira yote. Na kumbuka kwamba mwenye dhamana huomba, mwenye pesa mkononi huamua. Leo bado mna pesa mkononi.

Siku 9 zinatosha, ila si kwa kujivuta. Kesho asubuhi mpigie muuzaji, umuulize mambo mawili tu: maji na umeme vimeunganishwa? Na mkaguzi wetu anaweza kuingia siku ya tatu kuanzia leo, kwa saa nne? Ikiwa majibu yote mawili ni ndiyo, mtabaki na siku kama sita za kutengeneza na kurudia vipimo. Likiwa hapana hata moja, mwandikie siku hiyohiyo kuomba tarehe ya kusaini isogezwe, na nakala umpe mwanasheria. Shemeji mwambie aje naye siku ya ukaguzi. Mtahitaji mtu wa kuvuta choo.